Kaa Chini, Tutafika Huko

Mwaka jana tuliitwa warshani. Barua ilisema ni warsha ya siku tatu ya kuwanoa wahadhiri katika mbinu shirikishi, yaani ufundishaji unaomweka mwanafunzi katikati. Chuo sitakitaja. Nisikudanganye, ndugu msomaji: swali la kwanza nililouliza lilikuwa kama kuna posho.

Ilikuwapo. Basi tukaenda.

Siku mbili za mwanzo tulikaa tukitazama ukuta. Mtoa mada alisoma slaidi neno kwa neno, katupa mgongo. Slaidi moja ilisema mwanafunzi si debe tupu la kujazwa maji. Tukainakili sentensi ile madaftarini, kimya, kama madebe. Mzee mmoja wa idara ya historia akaninong'oneza, "Haya si mapya. Soma Elimu ya Kujitegemea, 1967. Mwalimu Nyerere alitaka shule zilee akili ya kudadisi. Sisi tukalea mitihani." Nikacheka kidogo. Saa nne chai ikaja, sambusa mbili mbili, tukasahau.

Siku ya tatu akaletwa mama mmoja mtu mzima, mstaafu, aliyefundisha walimu wa shule za msingi miaka yote ya kazi yake. Wenye shahada za udaktari wakatazamana. Mama yule akazima projekta.

"Wanangu," akasema, "lori la mchanga limegongana uso kwa uso na bajaji. Nani kampiga mwenzake kwa nguvu zaidi? Moja, lori. Mbili, bajaji. Tatu, nguvu ni sawa. Msiseme. Inueni vidole hapa kifuani, mwenzako asione."

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nikainua vitatu kwa majivuno. Nikachungulia: karibu ukumbi mzima wameinua kimoja.

"Haya, kila mmoja amgeukie jirani yake, amshawishi."

Jirani yangu alikuwa mwalimu wa jiografia. Nikammwagia kanuni ya tatu ya Newton kama ilivyo: kila tendo lina jibu lililo sawa nalo, lenye kuelekea kinyume. Akanitazama.

"Hapo unanisomea, ndugu yangu, hunielezi. Kama nguvu ni sawa, mbona bajaji ndiyo inayokuwa chapati?"

Moyo ukaniruka. Swali lile nilishalisikia.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, kijana wa mwaka wa kwanza, mtu wa Mbozi, alisimama kule nyuma mbele ya wenzake 300. Yeye alitaja basi na baiskeli, lakini swali lilikuwa hilohilo. Nilikuwa nimebakiwa na dakika kumi na slaidi ishirini. Nikamwambia, "Kaa chini, tutafika huko." Darasa likacheka. Akakaa.

Hatukufika. Wala yeye hakuuliza tena mpaka mwaka ukaisha. Alishika sapu nne, baadaye akadisko. Sisemi alidisko kwa sababu yangu. Somo langu lilikuwa moja tu kati ya yale manne. Lakini waliopata A nawajua pia. Walimeza desa langu usiku, wakalitapika asubuhi, nami nikawapa alama kwa kunirudishia sauti yangu mwenyewe.

Ilinibidi nitoke kwenye kanuni, niingie barabarani. Nikamwambia yule mwalimu wa jiografia, taratibu, kwamba nguvu ni sawa ila miili si sawa. Lori ni zito, nguvu ile inalibadilishia mwendo kidogo tu. Bajaji ni nyepesi, nguvu ileile inaisimamisha ghafla na kuirusha nyuma. Tena bati lake jembamba.

Akafikiri. "Kumbe nguvu sawa, madhara ndiyo siyo sawa."

Alilisema vizuri kuliko desa langu. Tulipoinua vidole mara ya pili, vitatu vilikuwa vingi.

Mama akatuambia mbinu ile si yake. Eric Mazur, profesa wa fizikia pale Harvard, Marekani, aliianza mwaka 1991, baada ya kuwapa wanafunzi wake maswali mepesi ya namna hiyo na kugundua kwamba walijua kukokotoa lakini hawakuwa wameelewa. Nilipofika nyumbani nikatafuta zaidi. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hesabu. Penye mihadhara mitupu, walifeli kama 34 katika kila 100. Wanafunzi waliposhirikishwa, walifeli kama 22. Hizo si hesabu za chuo chetu, lakini niliziweka juu ya watu wangu 300, nikapata tofauti ya watu 36. Nikawaona stendi, kila mmoja na begi lake.

Jumatatu nikajaribu. Viti vya ukumbi wetu vimepigiliwa sakafuni, kugeuka ni shida, na wengine hukaa kwenye ngazi. Nikawapa lori na bajaji. Kwanza kimya, halafu ukumbi ukavuma kama mzinga wa nyuki. Mwisho wa kipindi binti mmoja akanifuata.

"Mwalimu, leo hatujasoma. Desa tutapata lini?"

Sikumlaumu. Ndivyo nilivyomlea.

Muhula ule sikumaliza mtaala. Mada mbili zilibaki, mkuu wa idara akaniita nikajieleze. Hata leo bado nahangaika na muda, na siku nikichoka nazirudia slaidi zangu, nasoma kama yule mtoa mada. Ila sentensi moja nimeiacha. Mkono ukinyooshwa kule nyuma, nanyamaza, dakika zinakwenda, namsikiliza mwenyewe mpaka amalize.

Namba ya simu ya kijana wa Mbozi ninayo, iko kwenye orodha ya mahudhurio ya mwaka ule. Jibu la swali lake ninalo sasa, tena fupi, halimalizi hata dakika mbili. Mara kadhaa nimeishika simu. Kinachonishinda ni sentensi ya kuanzia.