Pikapu mpya haziponyi kila besi

IWAPO una kijana nyumbani anayepiga gitaa la besi, bila shaka siku moja atakujia na habari kwamba gitaa lake limekosa sauti, na kwamba dawa yake ni kulitia pikapu mpya. Usimkatalie papo hapo, wala usikimbilie kutoa pesa. Keti naye kwanza, mpenzi msomaji, kwa maana pesa zinazohusika hapa si za kununulia njugu.

Simaanishi pikapu ya kubebea viazi kutoka Kinangop. Pikapu ya gitaa ni kile kisanduku cheusi kinachokaa chini ya nyuzi, kirefu kama kidole au zaidi kidogo. Ndani yake mna sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, mizunguko maelfu kwa maelfu. Uzi wa chuma unapotetema juu ya sumaku hiyo, umeme kidogo sana huzaliwa katika waya, nao husafiri hadi kwenye amplifaya na kutoka kwenye spika ukiwa muziki. Mwanafunzi wa fizikia atakwambia kwamba hiyo ni kanuni aliyoionyesha Michael Faraday kule Uingereza mwaka 1831. Faraday mwenyewe, maskini, hakuijua benga.

Mimi nimepiga besi tangu nikiwa shule ya upili, na ndiyo maana mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, alinijia mimi kabla ya kumwendea mtu mwingine. Kijana huyu hupiga na bendi ndogo ya harusi kila Jumamosi. Malipo si makubwa, lakini ndiyo nauli yake ya chuo.

"Mjomba, nimeweka akiba ya shilingi 14,000," akaniambia. "Nataka pikapu mpya, zote mbili. Kiongozi wetu anasema besi yangu haisikiki, na kama haitasikika kufikia Desemba atamtafuta mtu mwingine."

Dada yangu alikuwa jikoni akiyasikia yote. Akaniita. "Kaka, usimtie moyo. Pesa hizo nilitegemea atazilipia mtihani mwezi ujao. Gitaa lenyewe alilinunua kwa elfu kumi na tano, mtumba. Sasa atalitia vitu vya elfu kumi na nne?"

Hesabu ya dada haikuwa mbaya hata kidogo. Pikapu za kampuni zenye sifa, kama vile Seymour Duncan au DiMarzio za Marekani, zinaweza kugharimu karibu sawa na gitaa zima la bei nafuu, na wakati mwingine zikalishinda. Kwa upande mwingine, kijana naye alikuwa na haki yake. Besi isiyosikika ingemkosesha kazi, na bila kazi nauli ingetoka kwa nani kama si kwa mama yuyo huyo?

Kwa hivyo nikamwambia alete gitaa tulisikilize kabla ya kulifungua.

Jambo la kwanza ni amplifaya. Kijana alikuwa akifanyia mazoezi kwenye kijisanduku chenye spika ya inchi 6, na uamuzi wake mwingi kuhusu sauti aliufanyia hapo. Uzi mnene kabisa wa besi hutetema mara 41 kwa sekunde. Spika ndogo kama hiyo haiwezi kuitoa sauti hiyo ipasavyo, hata ukiifunga pikapu ya dhahabu. Tukalipeleka gitaa kanisani kwetu siku ya mazoezi, tukalichomeka kwenye amplifaya yenye spika ya inchi 15. Mara besi ikawa na kifua. Bado haikuwa safi, lakini ilikuwa hai.

La pili ni nyuzi. Nilipomuuliza amezibadilisha lini, akatazama dari. Zilikuwa zile zile alizonunua nazo gitaa, zimekwisha kuwa kahawia. Nyuzi za besi zikijaa jasho na uchafu hupoteza mlio wake wa juu, ule unaozifanya noti zitengane, na hapo mtu huilaumu pikapu bure. Wapigaji wengi wasio na pesa huzichemsha kwenye sufuria ya maji dakika chache, kisha huzikausha vizuri. Hiyo husaidia kwa muda mfupi, lakini tafadhali tumia sufuria ambayo mama hapikii ugali. Sisi tulinunua mpya kwa shilingi 3,000.

La tatu halikugharimu hata ndururu. Kila pikapu ina skrubu za kuipandisha na kuishusha. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho, kile kipande cha chuma kilicho karibu kabisa na mwili wa gitaa, kisha upime nafasi kati ya uzi na sumaku. Milimita 2 hadi 3 ni mahali pazuri pa kuanzia. Pikapu za kijana huyu zilikuwa zimezama mbali zaidi ya hapo, kana kwamba zinaogopa nyuzi. Tulipozipandisha, sauti iliongezeka waziwazi. Usipitilize, kwani sumaku ikikaribia mno huanza kuuvuta uzi na kuuharibia mtetemo wake.

Nakadiria kwamba nusu ya ugonjwa ilikuwa imepona kabla hatujaitafuta pikapu yoyote. Kilichobaki ndicho kilichotufanya tukune vichwa. Kulikuwa na mvumo usiokoma, tena katika nyimbo za kasi noti zilikuwa zikigandana kama uji uliopoa.

Mvumo huo ni adui mahsusi wa mpigaji besi wa Kenya. Umeme wetu huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Ukibonyeza freti ya tatu kwenye uzi mnene wa besi unapata noti ya G, ambayo hutetema mara 49 kwa sekunde. Kwa hivyo mvumo wa stima unakaa karibu kabisa na noti ambayo wewe unataka kuipiga, na huwezi kuupunguza kwenye amplifaya bila kuipunguza besi yenyewe. Bora uuzuie kwenye gitaa.

Hapa ndipo aina ya pikapu inapokuwa na maana. Leo Fender wa California alipolitoa gitaa lake la besi liitwalo Precision mwaka 1951, alilitia pikapu ya koili moja. Koili moja hunasa mitetemo ya nyuzi, na hunasa vilevile mvumo wa stima. Mwaka 1957 pikapu hiyo ikabadilishwa. Ikakatwa vipande viwili, kimoja chini ya nyuzi mbili nene na kingine chini ya nyuzi mbili nyembamba. Koili za vipande hivyo zinasokotwa na kuunganishwa kwa namna ambayo mvumo unaoingia huku unafutwa na ule unaoingia kule, ilhali sauti ya nyuzi inabaki. Mwaka 1960 ikaja besi yake nyingine, Jazz, yenye pikapu mbili nyembamba za koili moja moja. Hiyo husema kwa ukali na uwazi zaidi, hasa ile pikapu iliyo karibu na kidaraja ambapo nyuzi zimefungwa. Jaco Pastorius aliipenda mno pikapu hiyo ya nyuma. Lakini ukiiwasha peke yake, mvumo nao unarudi.

Magitaa mengi ya bei nafuu yanachanganya mambo haya mawili: pikapu ya vipande viwili katikati na nyembamba moja nyuma. La mpwa wangu lilikuwa hivyo. Tukazisikiliza moja moja. Ya nyuma ilivuma kama friji kuukuu. Ya katikati haikuvuma, ila ilikuwa na sauti butu. Basi tukajua la kufanya. Kifundo cha pikapu ya nyuma kizungushwe hadi sifuri, na pesa zitakazotumika zitumike kwa ya katikati peke yake. Nusu ya gharama ikafutika hapo hapo.

Kijana hakufurahi. Alikuwa amesoma matangazo ya pikapu kali, zenye sumaku nene na waya mwingi, zinazosifiwa kwamba hutikisa madirisha. Nikamuuliza, "Katika bendi yenu kuna nini?" Akajibu kuna magitaa mawili, kinanda, dramu na waimbaji watatu. Sasa, msomaji, fikiria. Waya ukizidi kuzungushwa, nguvu huongezeka, lakini mlio wa juu hupungua, na sauti hunenepa katikati, palepale ambapo kinanda na sauti za wanaume zinasukumana. Bendi ya roki yenye dramu za kishindo huenda ikaihitaji. Bendi ya harusi inayopiga rumba na benga inahitaji noti inayoanza wazi na kuisha wazi, ili miguu ya wachezaji ijue pa kutua. Sikiliza jinsi Tom Malanga anavyopiga besi katika nyimbo za Les Wanyika. Kila noti ina kiti chake. Naye James Jamerson, aliyepiga besi katika nyimbo nyingi za Motown kule Detroit, alitumia Precision ya mwaka 1962 yenye pikapu ile moja tu.

Ndiyo maana nilimshauri atafute pikapu ya kawaida, ya mtindo ule wa zamani, yenye sumaku za alniko, mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti. Si kwamba sumaku za kauri ni mbovu; DiMarzio wanazitumia katika pikapu yao ya besi yenye sifa. Lakini za alniko aghalabu huwa na mlio mpole, nami kwa bendi ile niliuona ukifaa. Huu ni uamuzi wa masikio yangu, na mtu mwingine anaweza kunipinga.

Kuna pia pikapu zinazotumia betri ya volti 9, kama zile za EMG. Zina utulivu wa ajabu, mvumo hakuna. Kasoro ni kwamba betri inahitaji nafasi ndani ya gitaa, vidhibiti vya sauti lazima vibadilishwe vyote, na ukiliacha gitaa limechomekwa usiku kucha betri inaweza kukuzimikia katikati ya harusi ya watu.

Kabla ya kununua, pima. Weka karatasi juu ya pikapu yako, uchore umbo lake na mahali skrubu zilipo, kisha uende nayo dukani. Magitaa ya bei nafuu mara nyingine hutiwa pikapu zenye vipimo vya kwao wenyewe. Hata zile nyembamba za Jazz hazilingani: ya mbele ina urefu wa kama milimita 92 na ya nyuma kama milimita 95, na ukizichanganya itakubidi uchonge mbao. Nenda pia na mita ya fundi. Pikapu ya vipande viwili ya mtindo wa kawaida aghalabu huonyesha ukinzani wa omu 10,000 hivi. Mita isipoonyesha njia yoyote ya umeme, waya umekatika ndani, hata kama jina lililoandikwa juu linang'aa namna gani. Lakini usidanganywe kwamba namba kubwa zaidi ni pikapu bora zaidi.

Bahati ikatukuta. Mpigaji besi mmoja aliyemfahamu kijana alikuwa amehamia kwenye pikapu za betri, na ile yake ya zamani ilikuwa ndani ya droo. Tukaipima, ikawa nzima, akatuachia kwa shilingi 5,500. Fundi wa redio mmoja karibu na Luthuli Avenue akailehemu kwa shilingi 500, kazi ya nyaya mbili tu. Nilimwomba pia aufunike kwa karatasi ya shaba ule uwazi wa ndani ya gitaa na kuiunganisha na waya wa chini, ili kupunguza makelele yanayoingia humo. Lakini kama mpigaji anapigwa na stima midomo yake ikigusa maikrofoni, hiyo ni hatari ya ukumbi, na wa kuitwa ni fundi wa umeme. Asipige mpaka irekebishwe.

Jumla ilikuwa shilingi 9,000 pamoja na nyuzi. Zilizobaki, 5,000, kijana alimkabidhi mama yake bila kuambiwa. Dada akazihesabu mara mbili, kisha akauliza iwapo gitaa sasa linasikika. Mtoto akampigia. "Mimi nasikia lile lile," akasema, akaendelea na kazi zake.

Kiongozi wa bendi hakutamka lolote Jumamosi tatu mfululizo. Ya nne akamwambia apunguze sauti kidogo, na Desemba ilipofika jina lake lilikuwa bado kwenye orodha.

Pikapu ile ya zamani tuliitia ndani ya bahasha pamoja na skrubu zake, tukaandika juu nyaya zake zilikuwa zimefungwa wapi. Ifanye hivyo nawe. Siku ya kuliuza gitaa, mnunuzi wa besi ya bei nafuu huenda asikuongezee hata mia tano kwa sababu ya pikapu uliyoitia. Mrudishie ile ya kiwandani, na hii nzuri uihamishie kwenye gitaa litakalofuata.