Watahiniwa wa Kujitegemea

Limo katika lugha yetu neno ambalo halijapata kunipendeza: ngumbaru. Kwa asili humtaja tu mtu mzima anayeanza kujifunza kusoma na kuandika, lakini mitaani lilitiwa kejeli. Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, wazee walishika kalamu kwa mara ya kwanza, na wajukuu wakawacheka.

Siku hizi tuna istilahi yenye staha zaidi: mtahiniwa wa kujitegemea. Yule ambaye hakupitia sekondari ya kawaida hufanya kwanza Mtihani wa Maarifa, ndipo aufikie ule wa kidato cha nne. Mbagala na Tandika hakukosi vituo vidogo vya watu hawa: chumba cha kupanga, ubao, mabenchi, na ada inayolipwa kwa mafungu. Tangu nistaafu, nafundisha Kiswahili katika kimoja chao, jioni tatu kwa juma.

Hata hivyo, hilo “kujitegemea” lina walakini. Sijaona mahali watu wanapotegemeana kiasi kile. Mwalimu wa Hisabati akikwama kwenye foleni (na foleni ya Mbagala mwaijua), darasa halitawanyiki. Fundi cherehani aliyezoea vipimo hushika chaki. Tulipofika kwenye ushairi, niliyekuwa nikisikiliza ni mimi. Mama ntilie mmoja, aliyeachishwa shule kwa ujauzito miaka mingi kabla serikali haijaruhusu, Novemba 2021, wasichana kama yeye warejee, aliwaeleza wenzake mizani kwa nyimbo za taarabu alizokua nazo. Aliimba polepole, akikunja kidole kwa kila silabi: nane, akatua, nane tena. Darasa zima likakunja vidole. Chuoni nilikosomea ualimu hatukufundishwa hivyo.

Wapo walimu wenzangu wanaoviita vituo hivi makimbilio ya waliofeli. Wengi wa wanafunzi wangu hawakufeli. Mtihani wenyewe hawakuufikia. Kasoro ninayoikiri ni uhaba wa vitabu. Diwani tunayo moja, nayo huenda kwa zamu. Juma hili iko kwa mama ntilie, ameifunika kwa gazeti isipate mafuta, anaisoma wateja wa chai wakishaondoka na wa wali hawajafika.