Prof, kuna malipo?

Kijana mmoja anayesomea sayansi ya tarakilishi ameniandikia barua pepe. Profesa wake amempa kazi ya kuandika programu ya utafiti, naye anauliza: nitamwulizaje habari za pesa bila kuonekana mlafi? Jibu langu lilikuwa refu, basi nimeliweka hapa, huenda likamfaa na mwingine.

Mimi niliuliza nikiwa mwaka wa tatu. Nilikuwa nikitengeneza hifadhidata ya mradi wa profesa mmoja, na nauli ya matatu na pesa za saiba zilitoka mfukoni mwangu. Sikumvizia koridoni. Niliomba dakika 10 ofisini, nikasema, "Prof, kazi hii naipenda. Naomba kujua kama bajeti ya mradi ina fungu la wasaidizi wa utafiti." Alinyamaza, akafungua faili. Fungu lilikuwepo, ila dogo. Tukakubaliana saa 10 kwa wiki, na jina langu liwemo kwenye makala.

Neno lililonisaidia ni "bajeti". Mara nyingi pesa za utafiti si za profesa bali za mfadhili, nazo hugawanywa kwa mafungu kabla mradi haujaanza. Ukiuliza mwishoni, fungu limeshakwisha. Uliza mapema, tena uliza kuhusu mradi, si kuhusu mfuko wa mzee.

Asipokuwa na pesa je? Basi zungumzeni saa, jina kwenye makala, barua ya mapendekezo, na programu itakuwa ya nani. Hili la mwisho wengi hulisahau. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda programu za tarakilishi kama kazi za maandishi, na kazi uliyoagizwa kuifanya huweza kuwa mali ya aliyekuagiza msipokubaliana vingine. Andikianeni, hata kwa barua pepe fupi.

Na usione haya. Google ilipoanzisha Summer of Code mwaka 2005, kila mwanafunzi aliyemaliza kazi yake alipata dola 4,500 kwa kuandika programu huria. Kuwa mwanafunzi hakuifanyi kazi iwe bure.

Akikataa kabisa kuzungumza, hilo nalo ni jibu. Mapatano mbele, kazi baadaye. Masomo yako yanakungoja.