Mzazi, usimuulize anamaliza lini

Nilipokuwa nasoma shahada ya uzamili, mama alikuwa na swali moja kila Jumapili: "Mwanangu, unamaliza lini?"

Jibu la kweli lingemchosha. Sura ya tatu ilikuwa kwa msimamizi wangu wiki ya saba. Nikimtumia ujumbe naona tiki mbili za bluu, basi. Maombi ya kibali cha utafiti yalirudishwa kwa kukosa saini moja. Dodoso likabadilishwa wakati hela ya kutoa nakala imeshakwenda.

Kilichonituliza ni vitu vidogo. Mihogo ya kukaanga na chachandu, jioni, nje ya geti. Kucheza drafti na walinzi. Kufua pia. Nguo ukizifua zinaisha, tasnifu haiishi.

Mwaka 2018 jarida la Nature Biotechnology lilichapisha utafiti wa wanafunzi 2,279 wa uzamili na uzamivu kutoka nchi 26. Asilimia 39 walikuwa na dalili za sonona, za kiwango cha kati hadi kikali. Waliojibu walijitokeza wenyewe, hivyo huenda wenye shida ndio waliojitokeza zaidi. Hata hivyo, si idadi ya kupuuza.

Baba yeye aliuliza, "Leo umekula nini?" Nikisema mihogo anacheka, kisha ananyamaza kidogo, hakati simu. Siku moja katika ukimya huo nikamwambia kwamba usiku silali.

Hakugusia tasnifu. Aliuliza, "Tangu lini?"