Ile taa ya buluu ya Mjomba

Nimekuwa kimya hapa kwa majuma matatu. Sijaacha kuandika, jamani. Nimekuwa chini ya boneti ya gari linalonizidi umri.

Mjomba wangu ana MGB ya mwaka wa 1969, ile ya viti viwili na paa la turubai. Magari hayo yalitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980. Hili halina kompyuta hata moja ndani yake. Ndiyo maana aliponiambia taa zinamsumbua, nilicheka kimoyomoyo. Mimi mtu wa kusaka makosa kwenye msimbo wa maelfu ya mistari, nishindwe na nyaya chache?

Malalamiko yake yalikuwa mawili. "Taa ya kulia inafifia nikienda mbali. Halafu ile ndogo ya buluu kwenye dashibodi inawaka kidogo hata nikiwa kwenye dimu."

Kwa wasiojua, ile ya buluu huwaka ukiwasha fuli pekee. Nikamjibu kwa adabu zote kwamba labda ni mwanga wa nje unaoakisi kwenye kioo. Kama umewahi kupokea malalamiko ya watumiaji wa programu yako, jibu hilo unalijua. Ni ndugu wa damu wa "kwangu inafanya kazi".

Nikachomoa balbu ya kulia, nikaweka mpya, taa ikawaka vizuri. Nikaupima waya mweusi kwa mita, ule unaorudisha umeme kwenye bodi, mafundi huuita waya wa athi. Mita ikalia piii, maana yake njia ipo. Nikaacha taa zikiwaka kama dakika mbili hivi. "Imepona, Mjomba."

Ijumaa hiyo akaenda mazishi Naivasha, akarudi usiku kupitia Uplands. Wanaopita huko wanaujua ukungu wake. Taa ya kulia ikafifia hadi ikabaki kama kaa la moto. Sasa fikiria: sisi huendesha upande wa kushoto, kwa hivyo taa ya kulia ndiyo iliyo karibu na katikati ya barabara. Ikifa, anayekuja mbele yako huona taa moja pembeni na kudhani ni bodaboda. Lori lililokuwa likipita jingine lilidhani hivyo hivyo. Mjomba alitoka nje ya lami, akasimama kwenye majani. Kioo cha pembeni kilibaki barabarani.

Alinipigia simu saa nne usiku. Hakunigombeza. Alisema tu, "Njoo ulichukue. Nitatafuta wa kuliuza." Afadhali angenigombeza.

Kesho yake nilianza upya, na safari hii nilianza na maneno yake. Nikaegesha gari mbele ya ukuta, nikawasha dimu, nikakaa ndani kusubiri. Dakika kumi, hakuna kitu. Baada ya robo saa hivi taa ya kulia ikaanza kuwa ya rangi ya chungwa, na pale kwenye dashibodi, hafifu lakini wazi kabisa, taa ya buluu ikawaka. Niliona aibu nikiwa peke yangu garini.

Hebu nieleze kinachotokea, maana ni kitu kitamu sana kwa mtu wa mantiki. Balbu ya taa kubwa ina nyuzi mbili, wa dimu na wa fuli, na zote mbili hutumia waya mmoja mweusi kurudisha umeme. Waya huo ukiharibika upande wa kulia, umeme ulioingia kwenye uzi wa dimu hauna pa kutokea. Basi unarudi kinyumenyume kupitia uzi wa fuli wa balbu ile ile, unafuata waya wa fuli hadi taa ya kushoto, na kurudi nyumbani kupitia athi ya kule. Njiani unaikuta taa ya buluu, kwa kuwa imeungwa kwenye waya huo huo wa fuli. Volti 12 zinagawanywa kwa nyuzi tatu zilizofuatana, kila moja inapata kama 4. Kwa hivyo unapata kaa la moto kulia na nuru ya kimulimuli kwenye dashibodi. Mzee alinipa ripoti kamili ya hitilafu, nami nikaitupa.

Na ile piii? Mita inapopima njia hivyo hupitisha umeme mdogo mno, ambao hata nyuzi mbili za shaba zilizobaki hai hupitisha bila taabu. Balbu ya wati 55 inataka karibu ampea 5. Nilijaribu seva kwa mtumiaji mmoja, nikatangaza iko tayari kwa mji mzima. Kipimo sahihi ni taa zikiwa zinawaka: mkono mmoja wa mita kwenye waya mweusi nyuma ya balbu, mwingine kwenye ncha hasi ya betri. Athi nzuri hutoa sehemu ndogo tu ya volti moja. Mimi nilipata volti 6 na ushee!

Kiungo chenyewe kilikuwa nyuma ya grili. Fundi fulani, miaka mingi iliyopita, aliukata waya, akausokota, akauzungushia gundi ya karatasi. Ndani kulikuwa na ukoko wa kijani. Nilipobadilisha balbu nilikitikisa, kikashika kwa muda, kisha kikipata joto kinaachia. Nikakata hadi kwenye shaba inayong'aa, nikaweka waya mpya, nikakwangua rangi ya bodi hadi chuma, nikapaka grisi.

Wapenzi wa magari haya wana utani kwamba Lucas, kampuni ya Birmingham iliyotengeneza vifaa vyake vya umeme, ni mfalme wa giza. Mimi nawatetea. Rangi za nyaya zao ni kama msimbo ulioandikiwa maelezo: kahawia una umeme wakati wote, buluu ni wa taa kubwa, buluu wenye mstari mweupe ni fuli, buluu wenye mstari mwekundu ni dimu, mweusi ni athi. Baada ya zaidi ya miaka 50 bado unasomeka. Aliyeweka gundi ya karatasi hakuacha maelezo yoyote.

Nilipokuwa humo nikapima na taa ya kushoto, ile nzima. Betri 12.4, kwenye balbu 10.6. Umeme wote wa taa kubwa hupitia swichi ya dashibodi, hakuna rilei, na swichi imechoka. Upungufu huo mdogo hula karibu asilimia 40 ya mwanga, kwa sababu balbu hufifia haraka kuliko volti zinavyoshuka. Nikashuka Kirinyaga Road nikanunua rilei mbili na fyuzi zake. Sasa swichi inaamuru tu, mzigo unabebwa na waya mnene kutoka kwenye betri. 12.1 kwenye balbu.

Jumapili nilimwomba Mjomba twende Uplands usiku, yeye kwenye usukani, mimi pembeni yake. Alikubali bila kusema neno. Ukungu ulikuwepo. Tulikwenda saa nzima, na kila baada ya muda mfupi nilimwona akiinamisha macho kwenye dashibodi. Palikuwa giza.

Tulipofika nyumbani alizima injini, akakaa kidogo. "Mshale wa mafuta nao," akasema, "huruka nikikata kona kushoto. Kulia hauruki."

Nikatoa daftari nikaandika: kushoto tu.

Habari ya kuuza gari hajaigusa tena, nami sijauliza.