Haibridi ya Texas na Viazi vya Njombe

Huku Houston pikapu ni gari la kwendea kanisani. Sisemi Wamarekani hawazitumikishi. Mafundi ujenzi na wafugaji wa Texas wanazichosha kweli. Ila nyingi ninazopishana nazo asubuhi zimebeba mtu mmoja na kikombe cha kahawa, na bodi zake hazijawahi kuona hata gunia la mkaa.

Ndiyo maana haibridi ilipoingia kwenye pikapu kubwa za huku, ilipigiwa debe zaidi kwa misuli kuliko kwa kubana mafuta. Chukua Toyota Tundra, inayoundwa San Antonio, mwendo wa saa tatu hivi kutoka hapa. Tangu toleo la 2022 ina injini ya V6 yenye turbo mbili, na ukiongeza pesa unawekewa mota ya umeme kati ya injini na giaboksi. Nguvu inafika farasi 437. Na mafuta? Kwa vipimo vya serikali, isiyo na mota inakwenda kilomita 8.5 kwa lita, yenye mota kilomita 9 na ushee. Kwa tofauti hiyo hakuna atakayekimbilia benki kukopa. Wa kubana matumizi aliwekewa Ford Maverick, ndogo kwa macho ya huku, inayopita kilomita 15 kwa lita.

Mimi haibridi ilinivuta kwa kitu kingine kabisa: soketi. Julai 2024 kimbunga Beryl kilipopita hapa, wateja zaidi ya milioni 2 walikosa umeme, na joto la Houston mwezi huo halisimuliki. Jirani yangu ana Ford F-150 ya haibridi. Alivuta waya kutoka kwenye soketi za bodi, akaupitisha chini ya mlango wa gereji, akawasha friji na feni. Gari limetulia kimya. Mara injini inawaka yenyewe, inanguruma kidogo, inazima. Betri yake ni ya uniti 1.5 tu, hizi hizi uniti tunazonunua kwa LUKU, kwa hiyo si betri inayolisha nyumba. Injini ndiyo inayozalisha, betri ni ndoo ya kuchotea. Toleo la juu la gari hilo hutoa hadi kilowati 7.2.

Nilipoliona nililifikiria gari la matangazo la kwetu: pikapu, spika nne, na nyuma ya spika jenereta ndogo iliyofungwa kwa kamba za manila, mtangazaji akigombana nayo nani asikike. Nikamfikiria pia fundi wa kuchomelea anayeitwa shambani kushona tela lililokatika, naye anakuja na jenereta juu ya pikapu. Watu hawa wawili wana haja ya soketi ile kila siku, wakati jirani yangu anaisubiri mpaka dhoruba.

Upande wa mafuta, hesabu ya kwetu inataka utulivu. Haibridi hupata faida pale unapofunga breki: mota inageuka kuwa jenereta, nguvu iliyokuwa ipotee kwa joto inarudi kwenye betri. Foleni ya Mbagala au Mwenge itailipa vizuri sana. Barabara kuu hailipi hivyo. Wengi huniambia, basi mlima Kitonga je, kushuka kote kule? Gari la tani 3 likishuka mita 100 za kimo linaachia karibu uniti 0.8. Ukitoa kinachopotea njiani, betri ya uniti 1.5 itakuwa imejaa zamani na mlima bado uko chini yako. Kuanzia hapo ni gia na breki, kama alivyofanya babu.

Penye faida ambayo wengi hawaitaji ni shambani. Kule Njombe pikapu haipeleki viazi Dar. Hiyo ni kazi ya Fuso. Pikapu inavitoa shambani hadi barabarani, lumbesa kwa lumbesa, kwenye tope jekundu, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Mota ya umeme ina nguvu ya kukokota tangu gurudumu halijaanza kuzunguka, bila kusubiri turbo ivute pumzi. Dereva anayekanyaga mafuta mpaka tairi zichimbe shimo angeipenda.

Tatizo ni vumbi, na mmiliki wa tatu. Wamiliki wa Prius wanakijua kile kitundu cha hewa kando ya kiti cha nyuma, kinachopooza betri. Kikiziba, betri inachemka na umri wake unapungua. Sasa kwenye dabo kabini ya kwetu kiti cha nyuma kina abiria wanne, kuku wawili na gunia la mchele. Huku Texas gari likileta taa ya betri, mwenye nalo anarudi kwa muuzaji, waranti inalipa. Pikapu yetu huanza kuchapa kazi kwelikweli waranti ikishakufa.

Tena Hilux haikuuzwa Japani kuanzia 2004 hadi 2017, kwa hiyo hatukupata mtiririko wa pikapu za mtumba kutoka kule kama tulivyopata Prius na Harrier za haibridi. Na pikapu za Texas usukani uko kushoto, kwa hiyo wanaoniuliza bei za kontena nawavunja moyo mapema. Ninachokiona kikitufaa kinatoka kusini. Hilux ya volti 48, inayouzwa Afrika Kusini tangu 2024, ina mota ya kilowati 12 iliyounganishwa kwa mkanda na dizeli ya lita 2.8. Haiwezi kusukuma gari peke yake, lakini bado inapita maji ya kina cha sentimita 70. Ford Ranger ya kuchomeka kwenye umeme, inayoundwa Silverton karibu na Pretoria, inakwenda kilomita 40 na zaidi kwa umeme, inavuta tani 3.5 na inatoa hadi kilowati 6.9. BYD Shark ina betri kubwa zaidi, karibu uniti 30, ila inavuta tani 2.5.

Ford wenyewe Desemba 2025 walitangaza kusitisha F-150 ya umeme mtupu, na itakayofuata itabeba injini ya kuchaji betri. Kwa hiyo haibridi bado tutakuwa nayo. Mimi ningeisubiri Ranger, kwa ajili ya soketi.

Shemeji yangu wa Makambako nilimweleza yote haya kwa simu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Shemeji, bei ya gari acha kwanza. Nitafutie bei ya betri peke yake."