Kipakatalishi cha Mwanafunzi: Ingia Moi Avenue Macho Wazi

Barua ya kujiunga na chuo kikuu inapofika nyumbani, furaha haikai sana kabla ya suala la fedha kubisha hodi. Kuna karo, kuna malazi, na siku hizi kuna kipakatalishi. Wakazi wengi wa Nairobi hukifuata katikati ya jiji. Haya, twende pamoja.

Anzia kwenye sanamu ya Tom Mboya, Moi Avenue, iliyozinduliwa mwaka 2011 karibu na mahali alipopigwa risasi Julai 5, 1969. Huyu ndiye aliyesaidia kupeleka wanafunzi 81 katika vyuo vya Marekani kwa ndege ya kwanza ya mwaka 1959, huku jamaa na vijiji vikichanga senti kwa senti. Pesa ulizobeba leo huenda nazo ni za mchango: ng'ombe ameuzwa, au mama amekopa katika chama. Hazistahili kutumiwa kwa pupa.

Hutapiga hatua nyingi kabla ya kuitwa. "Mama, karibu! Ni simu ama kompyuta?" Hao ni mabroka. Hulipwa kwa kukufikisha dukani, na malipo yao huongezwa kwenye bei yako. Washukuru, kisha upite. Panda ghorofani katika majumba yenye vijiduka vya vioo, uulize bei katika maduka matatu au manne kabla ya kufungua mkoba.

Humo utakutana na bidhaa za aina mbili. Ya kwanza ni mashine mpya ya bei nafuu, ikiwa bado ndani ya katoni. Ya pili ni ile wafanyabiashara huita "Ex-UK", iliyotumika katika ofisi za ng'ambo, ikasafishwa na kuletwa huku.

Neno "mpya" ni tamu, lakini usilewe nalo. Mashine mpya za bei ya chini kabisa mara nyingi huwa na kumbukumbu ya GB 4 na hifadhi ya GB 64. Programu ya Windows pekee humeza sehemu kubwa ya hifadhi hiyo. Tena katika nyingi kati yazo, vifaa hivyo vimeunganishwa kwenye ubao wenyewe, kwa hivyo huwezi kuviongeza baadaye. Mwanafunzi akifungua kurasa kumi za intaneti na kazi yake ya kuandika, mashine inaanza kujikokota. Je, itamfikisha mwaka wa nne?

Kwa masomo ya kawaida, tafuta kumbukumbu ya GB 8 na diski ya SSD ya GB 256. Anayesomea uhandisi au usanifu wa majengo aulize idarani kwanza, kwani programu za kuchora huhitaji mashine yenye nguvu zaidi.

Ukielekea kwenye "Ex-UK", soma nambari ya prosesa. Kwa zile za Intel Core, i5-6300U ni ya kizazi cha 6, na i5-8350U ni ya kizazi cha 8. Tofauti hiyo ni kubwa. Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, na kwa jumla Windows 11 hukubali prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8. Ya kizazi cha 6 itauzwa rahisi, lakini rahisi hiyo ina sababu yake.

Sasa omba mashine iwashwe. Bonyeza kila herufi ya kibodi. Fungua kamera, unganisha intaneti, tikisa kifuniko uone kama bawaba zimelegea. Ichomoe kwenye umeme uone betri inavyoshuka. Kuna amri ya Windows iitwayo powercfg /batteryreport, inayoonyesha uwezo wa betri ilipotengenezwa na uwezo wake wa leo. Muuzaji mwaminifu hatakunyima dakika hizo kumi. Anayekuharakisha, mwachie bidhaa yake.

Usisahau vitu vidogo. Kwa mkoba na kipanya, vuka Tom Mboya uteremke Luthuli, ile inayoshuka hadi River Road. Tangu ilipokarabatiwa mwaka 2019 kwa kupanuliwa njia za wapita kwa miguu, kutembea hapo kumekuwa rahisi kuliko zamani, ingawa spika za madukani hupigana kelele kutwa. Programu ya kuandikia nayo si lazima ununue: LibreOffice hutolewa bure.

Malipo yafanywe baada ya majaribio. Hakikisha risiti ina jina la duka, nambari ya mashine na muda wa dhamana, na usome dhamana hiyo inahusu nini, kwani mara nyingi betri na chaja huachwa nje. Nenda asubuhi, muwe wawili, na urudi nyumbani kabla ya msongamano wa jioni.

Mzazi, mruhusu kijana aulize maswali mwenyewe, kwani ndiye atakayekesha na mashine hiyo. Nawe mwanafunzi, kumbuka jasho lililoinunua. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenye tundu hakijai.